Jiwe la Profesa Garrow

Wanjiru, umeniomba niandike niliyoyaona kazini, ili wewe na vijana wenzako mnaobaki katika upimaji wa ardhi msianzie sifuri. Naandika. Lakini sikustaafu kwa furaha, na anayetafuta hapa shukrani kwa kampuni atachoka bure. Vyeo sitavitaja. Mshahara ulilipa kodi ya nyumba, basi. Hotuba ya siku ya kuniaga niliisikia kwa sikio moja, na keki yao sikuigusa.

Nilifika Virginia na cheti cha upimaji kutoka Dar es Salaam na miaka sita ya kazi Tabora na Kigoma. Kampuni iliyonichukua ilikuwa Fairfax, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo. Siku ya kwanza nilivaa tai. Wakanipa kizibao cha rangi ya machungwa, panga, na fimbo ndefu ya kupimia yenye mistari myekundu na myeupe, wakaniambia nikasimame kichakani niishike wima. Mimi niliyekuwa nikiongoza kikosi cha watu kumi na wawili! Nikaishika wima. Mchana mwenye nyumba mmoja akatoka mlangoni akaniambia majani ya kukata yako nyuma. Nilimwonyesha fimbo. Akasema, "Sawa, ukimaliza na hiyo, majani yako nyuma." Kikosi kizima kilicheka. Mimi mpaka leo sijapata cha kuchekesha pale.

Aliyefanya nisirudi uwanja wa ndege ni Wendell, mkuu wa kikosi, mzungu wa milimani huko magharibi ya jimbo, mtu wa kutafuna tumbaku na kuitemea kwenye kikombe cha karatasi. Hakuniuliza nimetoka wapi mpaka wiki ya tatu. Alichouliza siku ya kwanza ni kama najua kuchimba. Nilidhani ananidharau kama yule wa majani, nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni mtu wa hesabu. Akaniambia vizuri, tuone hesabu yako inatupeleka wapi, halafu tuchimbe.

Wendell alinifundisha kusoma ardhi. Alinionyesha waya wa uzio uliomezwa na mti hadi katikati ya shina, akasema huo ni mpaka wa babu wa mtu. Alinifundisha kudunga mtaimbo ardhini na kusikiliza: ukigonga mzizi mkono unazama kidogo, ukigonga jiwe mkono unarudi. Alinikumbusha mara nyingi jambo ambalo hata mahakama za hapa zinalifuata, kwamba alama ambayo mpima wa kwanza aliiweka ardhini ina nguvu kuliko tarakimu alizoziandika kwenye karatasi. Tarakimu ni za kukusaidia kuitafuta alama. Ukishaipata, tarakimu zikipishana nayo, ni tarakimu zinazopisha. Sheria hiyo niliijua vizuri, na nimewafundisha vijana wengi. Ndiyo maana haya ninayoyaandika yananikera zaidi.

Kesi zilikuwa nyingi. Kule Wheaton, karibu na maduka makubwa, majirani wawili waligombana miaka tisa kwa ajili ya uzio, inchi nane tu. Mmoja alitufungulia mabomba ya kumwagilia majani tukiwa tumeinama juu ya mashine. Tulipomaliza kupima, ikaonekana wote wawili wamejenga ndani ya kiwanja cha jirani wa tatu, ambaye alihamia Florida zamani na hakuwa na neno na mtu. Wendell alicheka hadi akameza tumbaku. Hizo ndizo kesi za kusimulia kwenye harusi. Ya Bi Odessa si ya kusimulia kwenye harusi.

Wendell alistaafu, nikachukua kikosi, nikafanya mitihani yao yote nikapewa muhuri. Muhuri ndio kila kitu katika kazi hii. Ramani yenye muhuri wako ni kiapo chako. Kisha, katika miaka hii ya mwisho ya tisini, kampuni ikanunua mashine za setilaiti. Unasimamisha kitu kama uyoga juu ya mti wake, unasubiri, nacho kinakwambia uko wapi duniani kwa upana wa kidole. Niliipenda mashine ile kupita kiasi. Beleshi lilikaa nyuma ya gari likapata kutu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mjenzi mmoja alinunua shamba la zamani nje kidogo ya Fairfax ili ajenge nyumba arobaini zinazofanana. Magharibi ya shamba palikuwa na ekari tano za Bi Odessa, bibi mweusi wa miaka themanini na minne, mjane, aliyepika katika shule za kaunti hadi miguu ilipogoma. Sisi tulitakiwa kuonyesha mstari kati yao. Mstari ulianzia kwenye chuma cha mpaka kilichopigiliwa barabarani, chuma kizuri kisicho na ubishi, ukaenda futi mia nane kuelekea kaskazini mashariki hadi kwenye jiwe. Jiwe hilo lilitajwa katika hati ya karne iliyopita, na tangu hapo hakuna mpima aliyeandika kwamba ameliona.

Bi Odessa alitukuta barabarani, anatembelea mkongojo. "Mnatafuta jiwe la Profesa," akasema. Wala hakuuliza. Akanyoosha mkongojo juu ya makaburi ya ukoo wake kuelekea mwaloni mmoja mkubwa. "Liko pale mbele ya mwaloni. Limefukiwa na majani, lakini liko. Baba yangu alinichapa kwa kulikalia."

"Asante mama," nikasema. "Tutaangalia."

Wewe Wanjiru ulikuwepo. Ulikuwa na miezi minne tu kazini, umetoka chuo cha Annandale, na bado ulikuwa unavaa kofia ngumu hata mahali pasipo na kitu cha kuangukia kichwa. Ukaniambia, "Mzee, si tuende tu tucheki? Ni hapo tu." Nami nikakujibu kwamba kila bibi ana jiwe lake, na tukifuata mawe ya mabibi hatutafika nyumbani. Ulinyamaza kwa heshima. Siku hiyo heshima yako haikumsaidia mtu yeyote, na yangu mimi sikuwa nayo.

Sasa nieleze kosa, na nilieleze vizuri, kwa sababu ni kosa la fundi. Mtu asiyeijua kazi hii asingeweza kulifanya. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Inavutwa na sumaku ya dunia, na sumaku hiyo huhama mwaka hadi mwaka. Wapima wa zamani wa huku walisoma sindano wakaandika walichosoma. Kwa hiyo ukishika hati ya zamani unatafuta sumaku ilikuwa imepotoka kiasi gani wakati ule, halafu unageuza mistari yote kwa kiasi hicho. Nilitafuta, nikapata digrii tatu. Nikageuza digrii tatu kwenda magharibi, nikawasha mashine, nikapigilia kigingi.

Digrii tatu katika futi mia nane ni futi arobaini na mbili. Kigingi changu kiliangukia ndani ya ua wa Bi Odessa. Kipande chote cha pembetatu, pamoja na makaburi ya watu wake na msingi wa mawe wa shule ya kale, kikahesabiwa cha mjenzi. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni watu gani hao wanaozika wazazi wao miaka mia katika shamba la jirani. Mimi nilitazama tarakimu, tarakimu zikanitazama, tukaelewana. Nikagonga muhuri.

Wiki mbili baadaye Bi Odessa alipanda ngazi zetu. Alikuwa amepiga simu mara nne, na mara nne aliambiwa atapigiwa. Nilimkuta kwenye kiti cha wageni, anahema, amepakata boksi la viatu.

"Kijana," akaniambia, nami nina mvi kichwa kizima, "unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Basi soma."

Ndani ya boksi mlikuwa na madaftari matatu ya ngozi, ya babu wa baba yake, Lemuel Garrow, ambaye ukoo mzima unamwita Profesa. Niliyasoma siku nne, na kila siku nilizidi kujichukia. Mama yake alikuwa mwanamke huru, mfuaji. Yeye alijifunza jometri kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo nadharia za mwisho alizitafuta mwenyewe, akazithibitisha, akaandika pembeni kwamba siku akikipata kitabu kizima atalinganisha. Alikokotoa majedwali yake mwenyewe ya mwendo wa jua kwa sababu ya dukani aliyaona yana makosa, na makosa aliyaorodhesha. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipokwisha alifungua shule pale kwenye ule msingi wa mawe. Asubuhi watoto, jioni wazazi wao waliotoka utumwani. Aliwafundisha pembe kwa kamba yenye mafundo uani, ili mtu akinunua kipande cha ardhi asidanganywe upana wake. Daftari la tatu lina majina ya wanafunzi na hesabu ambayo kila mmoja alikwamia. Hakuandika nani hodari.

Na katika daftari la pili, ukurasa kwa ukurasa, alikuwa ameandika jinsi alivyoikagua dira yake. Alining'iniza timazi kwenye tawi, akaitumbukiza katika ndoo ya maji ili upepo usiitikise, akangoja nyota ya kaskazini ikae sawa na uzi. Alifanya hivyo misimu mitatu. Akajua sindano yake inakosea kwa kiasi gani, akaliondoa kosa hilo katika kila mstari wa shamba lake. Vipimo vya ile hati vilikuwa vya kaskazini halisi tangu siku ya kwanza. Kwenye rasimu yake alieleza hivyo waziwazi. Karani wa mahakama alipoinakili kwenye kitabu chake aliruka maelezo yale, labda alikuwa na njaa.

Nilikuita mezani kwangu, nikakuonyesha. Ulisoma, halafu ukaniuliza, "Mzee, kwani alikuwa ame-correct tayari?"

"Tayari."

"So sisi tume-correct kitu ilikuwa correct."

"Ndiyo."

"Aki Mzee. Tumemuibia huyu shosho."

Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniandikia ripoti fupi na sahihi kama hiyo. Nilikuwa nimejiona mjanja kuliko marehemu kwa sababu nilidhani hakuijua sumaku, kumbe aliijua kuliko mimi. Yeye hakuwa na mashine. Alikuwa na ndoo.

Kesho yake asubuhi, siku ya Alhamisi, tulikwenda wawili na mtaimbo. Mbele ya mwaloni, kudunga mara ya tatu, mkono ukarudi. Shubiri mbili chini palikuwa na jiwe la kijivu lililochongwa pande nne, na juu yake msalaba mwembamba uliokatwa kwa patasi. Nikaweka mashine juu yake. Kutoka kwenye chuma cha barabarani, kwa mwelekeo wa daftari, Profesa alikosea inchi nne katika futi mia nane, kwa mnyororo wa kupimia, kwenye mteremko. Kabla hatujaondoka nilikuambia tupime kutoka kwenye jiwe hadi mwaloni, hadi kisima, na hadi pembe ya nyumba ya Bi Odessa. Vijana, hilo lishikeni kuliko yote niliyoandika hapa: ukiipata alama, ifunge kwa vipimo vitatu siku hiyo hiyo, kabla hujamwambia mtu.

Kisha nikamwambia mtu. Nilimwambia Bwana Pruitt, mwenye kampuni. Nilitegemea atakasirika, nikawa nimejiandaa. Hakukasirika. Alifunga mlango, akasema makosa hutokea, akanitolea karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Kumbe Bi Odessa alikuwa amemwandikia pia, na wakili wa mjenzi alikuwa na jibu tayari. Barua ilikuwa na aya mbili. Ilisema mpima wa asili hakuwa na elimu rasmi wala kibali, kwamba vipimo vyake haviwezi kutegemewa, na kwamba jiwe lolote litakaloonekana pale lichukuliwe kuwa halina uhusiano. Chini paliachwa nafasi ya sahihi yangu na muhuri.

"Jiwe liko mahali pake," nikamwambia. "Kwa inchi nne. Nimelishika kwa mkono."

"Hakuna aliyeliona isipokuwa wewe na binti yule," akasema. "Na wewe ndiye unayefaa kusaini. Ukisaini wewe, hakuna atakayesema tunamdharau mzee wao."

Alilisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Alitaka sahihi yangu kwa ajili ya ngozi yangu, baada ya miaka yote hiyo ya kujifanya haioni. Matusi ya Kiswahili yote ninayoyajua, na mengine ya Kinyamwezi, yalikuja hadi kwenye meno.

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Nipe mpaka Jumatatu."

Nimelelewa hivyo. Mkubwa hajibiwi vibaya mbele ya uso wake. Unamwachia nafasi ajirudi, unamtumia mtu, unamsitiri. Huko nyumbani siku tatu za kumsitiri mkubwa zimeokoa ndoa na kazi za watu wengi. Pruitt hakuwa na haja ya kusitiriwa. Alihitaji siku tatu.

Jumamosi asubuhi Bi Odessa akanipigia nyumbani. Alisema maneno machache tu: "Wameingia kwenye shule ya Profesa." Niliendesha gari na ndara miguuni. Tingatinga lilikuwa limeshafagia msingi wote wa mawe na kuvuta udongo hadi kwenye shina la mwaloni. Makaburi yaliponea kwa upana wa tairi, kwa sababu Bi Odessa alikuwa ameleta kiti cha jikoni akakiweka hapo akakikalia. Dereva, kijana wa watu, alikuwa amezima mashine na kuvua kofia. Jiwe nililikuta katika lundo, vipande viwili, msalaba umekatika katikati. Nilimuuliza dereva nani kamwambia aanzie kule kwenye mwaloni badala ya barabarani. Akasema maagizo yalibadilishwa Alhamisi jioni.

Sikungoja Jumatatu tena, lakini kaunti hufungua ofisi Jumatatu. Nilikuwa mlangoni kabla ya wafagiaji. Niliuondoa muhuri wangu kwenye ile ramani, nikaandika kwa mkono kwamba kosa ni la mpima aliyesaini, mimi, na kwamba Lemuel Garrow hakukosea. Nikaambatanisha nakala za daftari, vipimo vyetu vitatu, na maelezo yako uliyoyasaini ukijua wazi kwamba unaweza kufukuzwa. Ramani isiyo na muhuri haina kibali cha kujenga. Baada ya miezi miwili ya mawakili, kipande cha pembetatu kilirudi kwa Bi Odessa na makaburi yake. Mimi nikaitwa, nikaambiwa afya yangu inawatia wasiwasi, na pengine wakati umefika. Afya yangu ni nzuri.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuirudisha kona. Kwa vipimo vile vya mwaloni, kisima na nyumba, tulipapata mahali penyewe, nikapigilia nondo. Sheria inataka nondo ivalishwe kofia yenye namba ya mpima aliyeiweka. Nilikwenda kaunti kuomba iandikwe jina la Garrow. Karani alikuwa mwema, akatafuta kila fomu, mwisho akasema haiwezekani, maana marehemu hana namba ya kibali. Nikamwambia wakati wake hakuna ambaye angempa. Akasema anaelewa, lakini pale kwenye fomu panataka namba.

Bi Odessa alikuja kutazama. Aliinama juu ya mkongojo wake, akasoma ile kofia ya njano.

"Hii namba ya nani?"

"Yangu, mama."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakimo kwenye madaftari, kinachopokezanwa kwa mdomo tu katika ukoo wao. Kwamba Profesa alipima nusu ya mashamba ya upande ule wa kaunti, na hakuna ramani hata moja yenye jina lake. Wazungu waliomlipa ndio waliosaini. Kazi pekee iliyobaki na alama yake mwenyewe ilikuwa hii, ya shamba lake.

Nilikusanya vyombo nikavipakia. Siku moja, miaka mia ijayo au ishirini, atakuja mpima pale na mashine bora kuliko yangu. Atafukua, ataikuta nondo, ataisoma namba, na ataandika kwenye daftari lake kwamba kona hii iliwekwa na mimi, tena kwa usahihi wa kupendeza. Wewe unaweza kuwa bado kazini. Mwambie si mimi.